Kuzunguka dunia kwa meli au kuzunguka Ziwa Victoria: wapi utawaona watu zaidi?

Ukiwa Kampala, Jinja au Masaka na una hamu ya kuwajua watu wa mbali kwa kusafiri majini, njia zilizo mbele yako ni nne. Ya kwanza ni kulipia nafasi kwenye meli ya mafunzo inayozunguka dunia. Ya pili ni kujitolea kwenye meli ya huduma. Ya tatu ni kuajiriwa kwenye meli ya watalii. Ya nne ni kulizunguka Ziwa Victoria kwa feri, meli na basi: Entebbe, Kalangala, Bukoba, Mwanza, Ukerewe, Kisumu, kisha kurudi kupitia Busia. Wengi hawaihesabu hii ya nne kuwa safari ya kweli kwa sababu ni ya nyumbani. Mimi naiweka kwenye mizani pamoja na nyingine, na kwa msafiri wa aina moja naamini inazishinda zote.

Msafiri huyo ni yule anayetaka kujua watu wanakula nini siku pesa ikiisha, wanaugua nini, wanagombania nini na serikali yao, na wamebeba huzuni gani ambazo hawamwelezi mgeni wa siku moja. Anayetaka kupumzika tu ana mahitaji mengine, na wakala wa utalii atamfaa kuliko mimi.

Siku bandarini

Watu huuliza meli inapita nchi ngapi. Afadhali waulize inakaa siku ngapi katika kila nchi, maana hapo ndipo tofauti zote zinapoanzia.

Peace Boat, shirika lililoanzishwa na wanafunzi wa Japani mwaka 1983, huzunguka dunia kwa siku 100 na zaidi kidogo, na sasa linatumia meli iitwayo Pacific World. Bandari nyingi hupewa siku moja, chache hupewa mbili. Toa saa za kukaguliwa hati asubuhi, toa saa ya mwisho ya kurudi melini, unabaki na mchana mmoja. Kwa mchana mmoja mtu anaweza kutembelea kambi ya wakimbizi, akala na familia moja, akamsikiliza kiongozi wa mtaa. Hatamwona mtu yuleyule akiwa amechoka, amekasirika, au anakopa unga tarehe 25 ya mwezi.

Semester at Sea, programu ya masomo ya Marekani iliyoanza 1963 na inayoshirikiana sasa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, hukaa zaidi. Meli yake, MV World Odyssey, kwa kawaida hutia nanga siku 4 hadi 6 katika kila nchi. Hizo zinatosha kulala nje ya mji wa bandari, na hilo lina uzito, kwa kuwa miji ya bandari inafanana duniani kote kuliko vijiji vilivyo nyuma yake.

Meli za huduma zina mwendo mwingine kabisa. Global Mercy, meli ya hospitali ya shirika la Mercy Ships, ina urefu wa mita 174, vyumba 6 vya upasuaji na vitanda karibu 200 vya wagonjwa. Haizunguki. Hufunga kwenye gati la mji mmoja kwa miezi kama 10, ikapasua wagonjwa na kuwafundisha madaktari na wauguzi wa nchi hiyo. Ilianzia Dakar, Senegal, kisha 2023 ikahamia Freetown, Sierra Leone. Dada yake mkubwa, Africa Mercy, zamani alikuwa feri ya kubeba mabehewa ya treni huko Denmark. Wanaojitolea si madaktari peke yao. Meli inahitaji wapishi, mafundi wa mashine, walimu, wafua nguo. Wenyeji wa nchi huajiriwa kufanya kazi pamoja nao mchana, wengi wao wakiwa wakalimani wodini. Mtu aliyekaa hapo miezi 6, akifanya kazi bega kwa bega na mkalimani wa Freetown, atajua kodi ya nyumba yake, shule ya watoto wake na kilichompata wakati wa vita. Hakuna mhadhara unaoweza kutoa hayo.

Logos Hope, meli yenye duka kubwa la vitabu, iko katikati: hukaa wiki kadhaa bandarini, na watu hufurika kununua vitabu. Ni meli ya utume wa Kikristo na kazi hiyo haifichwi. Mercy Ships nao ni shirika la Kikristo, ingawa wagonjwa hutibiwa bila kuulizwa dini. Ndugu Mwislamu, au yeyote asiye na moyo wa kuhubiri, alijue hili kabla ya kujaza fomu, hasa ya Logos Hope, ambako wengi wanaojiunga huahidi miaka 2.

Mwajiriwa wa meli ya watalii hugusa bandari nyingi kuliko hawa wote na kushuka mara chache kuliko wote. Akipata saa tatu za kushuka atanunua laini ya simu, atatuma pesa nyumbani, atakula chakula kisicho cha melini, basi. Lakini anachokijua yeye abiria hakijui. Chini ya sitaha kuna kijiji cha Wafilipino, Waindonesia, Wahindi na Waafrika wanaokula pamoja, wanaokopeshana, wanaolinganisha mishahara na kulea watoto kwa simu. Kama swali lako kuhusu dunia ni nani anamfanyia nani kazi na kwa bei gani, hakuna shule iliyo wazi kuliko hiyo.

Na ziwani? Ziwani unakaa utakavyo. MV Kalangala huondoka Nakiwogo, bandari ya Entebbe, mchana na kurudi kutoka Lutoboka, kisiwani Bugala, asubuhi. Ukiamua kubaki Bugala siku nne zaidi kwa sababu umealikwa kwenye maziko au kwenye mchezo wa mpira wa vijana wa mwalo (kituo cha wavuvi ufukweni), hakuna king'ora kitakachokuita. Uhuru huo wa kubaki ndio ambao mwenye tiketi ya dola elfu kadhaa hana.

Mambo mazito, na nani anakueleza

Hapa meli ya kuzunguka dunia ina nguvu ambayo ziwa halina: ina walimu. Peace Boat ilizaliwa wakati wanafunzi walipokasirishwa na namna vitabu vya shule vya Japani vilivyolainisha historia ya uvamizi wa nchi yao huko Asia. Walitaka kwenda kuwasikia waliovamiwa. Roho hiyo haijafa. Tangu 2008 meli imekuwa ikibeba manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki ya Agosti 1945, wazee wanaosimulia ukumbini na katika bandari wanazofikia. Abiria anasoma kuhusu nchi kabla ya kufika, anashuka, anarudi, anajadiliana na wenzake. Semester at Sea nayo ni darasa hasa, na Askofu Mkuu Desmond Tutu alisafiri nayo zaidi ya mara moja. Siku za katikati ya bahari, ambazo wengi huziona za kuchosha, ndizo zinazofundisha zaidi kwenye meli hizi.

Ziwani hakuna anayekukusanya ukumbini. Mambo yapo, na ni mazito sawasawa na yale ya ng'ambo, lakini usipojiandaa utapita Kasensero, mwalo wa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, uone mitumbwi, mukene (dagaa) iliyoanikwa mchangani na baa za mbao zenye muziki mkubwa, kisha urudi Kampala ukisema ni mwalo kama mialo mingine.

Kasensero ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walipotambuliwa, mwaka 1982. Miaka 30 baadaye watafiti wa afya wa wilaya ya Rakai bado walikuta karibu watu wazima 4 kati ya 10 katika jamii za wavuvi wa eneo hilo wakiishi na virusi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa chini ya mmoja kati ya 10. Dawa zimebadilisha maisha ya pale tangu hapo, na maambukizi mapya yalishuka sana dawa na tohara zilipowafikia watu wengi. Mgeni anayeongea na mhudumu wa afya wa mwaloni kwa nusu saa atajifunza kuhusu kuhama kwa wavuvi, pesa ya usiku mmoja na zahanati iliyo mbali, mambo ambayo takwimu peke yake haiyasemi.

Mwalo huohuo ulipokea kitu kingine mwaka 1994. Mto Kagera unaingia ziwani karibu na hapo, na ulileta miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo walisaidia kuitoa majini. Zaidi ya watu 10,000 wamezikwa katika makaburi ya kumbukumbu ya sehemu hizo tatu, na kwa muda watu wengi wa Uganda waliacha kula samaki wa ziwa. Ninapofikiria manusura wa Hiroshima akisimulia kupitia mkalimani katika ukumbi wa meli, na mzee wa Lambu ambaye alivuta miili kwa mikono yake na hajawahi kuitwa kwenye ukumbi wowote, naona aibu kwamba wengi wetu tungeweza kulipia kumsikia wa kwanza huku tukiwa hatujui wa pili yupo saa chache kutoka Kampala. Wote wawili wanastahili kusikilizwa. Wa pili anaongea Kiganda, na wengine wa rika lake wanaongea Kiswahili.

Nenda kwake kwa adabu. Pitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, eleza wewe ni nani, na ukikataliwa rudi bila kinyongo. Asiyetaka kusimulia ana haki ya kunyamaza.

Kalangala ina historia ambayo watalii wa ufukweni hawaigusi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya laki mbili kuzunguka pwani ya ziwa upande wa Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu wakazi wa visiwa mwishoni mwa muongo huo. Visiwa vya Ssese, ambavyo ndivyo Kalangala yenyewe, 84 kwa jumla, vilibaki karibu vitupu kwa miaka. Ndiyo maana hadi leo utawakuta Bugala watu waliotoka kila upande wa nchi, na maswali ya nani ana ardhi ni machungu. Katikati ya miaka ya 2000 michikichi ikaanza kupandwa kwa wingi. Barabara na feri zimekuja, wakulima wadogo wengine wamejenga nyumba za matofali, misitu imepungua, na baadhi ya familia zinasema zilipoteza viwanja. Ongea na mkulima wa michikichi na mtu aliyeondolewa shambani siku moja, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Utaelewa mjadala wa mafuta ya mawese duniani kuliko abiria aliyeonyeshwa shamba la Malaysia kupitia dirisha la basi.

Halafu sangara, tunayemwita mputa. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akala aina nyingi za samaki wadogo wa asili, akazaa viwanda. Minofu hupakiwa kwenye ndege Entebbe kwenda Ulaya. Mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, huuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kuzuia nyavu haramu na mitumbwi iliyo chini ya futi 28. Wenye viwanda walisema samaki wakubwa wamerudi. Wavuvi wengi walilalamikia vipigo na mitumbwi kuchomwa. Yote mawili utayasikia mwalo mmoja, pengine kutoka kwa mtu mmoja, na ni vizuri usikie kabla ya kuamua upande.

Upande wa Kenya kuna jambo liitwalo jaboya: mwanamke mchuuzi kulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki. Kule Nduru, karibu na Kisumu, wanawake walijiunga na kuanzia 2011 wakapata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume wavue, na wao wakabaki na samaki na heshima yao. Kisha ziwa likapanda. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na kijiji kikamezwa na maji. Kwa hiyo hata mabadiliko ya tabianchi, ambayo meli za mafunzo huyapigia mihadhara mingi, yana anwani hapa kwetu. Nakiwogo, Ggaba na mialo mingine mingi ilizama mwaka huohuo.

Pesa, pasi na viza

Safari ya Semester at Sea hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ipo misaada ya masomo, na mwanafunzi wa Makerere mwenye alama nzuri asiogope kuomba, lakini asiuze kiwanja cha mzazi. Peace Boat ni nafuu kuliko hiyo, hasa ukilala chumba cha kushirikiana kisicho na dirisha, lakini bado ni maelfu mengi ya dola. Wachache wanaijua njia ya pembeni: Peace Boat huchukua walimu wa lugha na wakalimani wa kujitolea. Mganda aliyesomea kufundisha Kiingereza, hasa kama amejifunza Kijapani au Kihispania pia, ana nafasi halali ya kushindania. Na serikali ya Japani huendesha tangu 1988 programu ya meli ya vijana wa dunia, inayogharamia sehemu kubwa ya safari. Nchi zinazoalikwa hubadilika, kwa hiyo fuatilia matangazo ya ubalozi wao Kampala.

Viza ndiyo kuta zenyewe. Abiria wa Japani anashuka karibu kila bandari kwa pasi yake tupu. Mwenye pasi ya Uganda atahitaji viza ya Japani, ya Schengen na nyingine kadhaa, na kwa kawaida kila abiria hujitafutia. Pasi moja haiwezi kuwa katika balozi tano kwa wakati mmoja. Viza nyingine zina muda mfupi wa kutumika, wakati meli itafika nchi hiyo mwezi wa tatu wa safari. Safari inayoanza na kuishia Yokohama inakuingiza Japani mara mbili, hivyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ukikosa moja katikati, utaitazama nchi hiyo kutoka kwenye sitaha wenzako wakishuka. Nasema haya si kwa kukukatisha tamaa. Anza mapema sana, na mwombe mwandaaji orodha ya bandari kwa maandishi kabla ya kulipa shilingi yoyote isiyorudishwa.

Meli za huduma hazikulipi mshahara. Wengi hujitafutia wafadhili kanisani, kazini na kwa ndugu, na nauli ya ndege hadi bandarini ni mzigo wako. Faida yake ni kuwa unashughulikia viza ya nchi moja au mbili tu.

Kwenye ajira ya meli za watalii nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu vijana wetu wanaibiwa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ulioanza kutumika 2013, unakataza mwajiri au wakala kumtoza baharia ada ya kupewa kazi. Gharama unazoweza kubeba ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi. Wakala wa Kampala anayetaka milioni tatu "za kukuwekea nafasi" anakuvunjia haki, hata akikuonyesha picha za meli nyeupe na barua yenye nembo. Hakikisha leseni yake Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mkataba huohuo unadai baharia apumzike angalau saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Soma mkataba wako ukiwa na namba hizo kichwani. Mafunzo ya msingi ya usalama baharini hupatikana Mombasa na Dar es Salaam.

Ziwani hakuna usumbufu huu wote. Kwenda Kenya unatumia kitambulisho cha taifa. Tanzania inataka pasi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe mfukoni. Nauli ya MV Kalangala ni ndogo kuliko chakula cha jioni katika hoteli ya kawaida ya Entebbe, na feri ya Bukakata kwenda Luku, upande wa Masaka, haitozi abiria. Safari nzima ya kulizunguka ziwa, kwa kulala nyumba za wageni za kawaida na kula posho (ugali) na samaki, itakugharimu chini ya tiketi ya ndege ya kwenda tu kuikuta meli ng'ambo.

Lugha

Kwenye Peace Boat wengi ni Wajapani. Mihadhara hutafsiriwa, lakini mazungumzo ya mezani, ambayo ndiyo utamu wa safari, huenda kwa Kijapani. Kwenye Global Mercy ni Kiingereza, na Freetown utajifunza Krio. Bandarini, kwa siku moja, unategemea kiongozi aliyepangwa, na kiongozi huchagua cha kukutafsiria.

Ziwani unaongea mwenyewe. Mialo yetu ina Waganda, Wasoga, Wasamia, Wakongo, Wanyarwanda na Wajaluo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Kwa miaka mingi hapa Uganda lugha hii ilihusishwa na askari, na wapo wazee wanaokunja uso wakiisikia. Anza na salamu ya Kiganda, kisha uone. Ukivuka Mutukula, mpaka wa Tanzania, mambo yanageuka. Kila aliyekuzidi umri mpe shikamoo, hata kama ulimi haujazoea. Nilikuta bibi mmoja Ukerewe akichambua dagaa, nikamwamkia, akanijibu, "Marahaba mjukuu wangu, umetoka wapi na lafudhi hiyo?" Nilipomwambia Uganda alivuta kigoda. Tulizungumza mpaka jua likawa kali, kuhusu bei ya dagaa, mwanawe aliyeko Mwanza na mihogo iliyoungua mwaka ule. Hakukuwa na mtu katikati yetu.

Usalama

Hapa ziwa linashindwa, na lazima niseme wazi. Meli za kimataifa hufanya zoezi la dharura kabla hata hujazoea chumba chako. Ziwani tumezika watu wengi mno. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Miezi miwili baadaye mashua ya starehe, MV Templar, ilizama karibu na ufuko wa Mukono na kuua zaidi ya watu 30. Ukitazama kwa karibu, sababu zinarudiana: watu au mizigo kuzidi, chombo kibovu, maboya ya kujiokolea kukosekana au kutovaliwa.

Kwa hiyo panda feri na meli zilizosajiliwa, acha mtumbwi wa mwalo wa Kasenyi uliojaa magunia hadi ukingoni hata kama wenyeji wanakucheka, nunua boya lako mwenyewe, na vuka asubuhi kabla upepo haujaamka. Usitembee majini bila sababu, kichocho kipo. Ukirudi, omba dawa yake kituo cha afya.

Kama ni mimi nakushauri

Muuguzi, fundi umeme au mpishi mwenye mwaka mmoja wa kutoa na imani inayolingana na shirika, aende Global Mercy. Atawajua watu wa nchi moja ya Afrika kwa kina ambacho watalii wa nchi 20 hawakifikii. Mwanafunzi au mwalimu mwenye ufadhili wa uhakika achukue Semester at Sea au nafasi ya kujitolea ya Peace Boat, akijua anakwenda hasa kwa ajili ya mijadala na marafiki wa melini. Anayehitaji mshahara aajiriwe, kwa mkataba aliousoma. Wengine wote, na hasa anayesubiri kwa miaka apate pesa za safari kubwa, waanze na ziwa mwaka huu.

Kwa likizo ya wiki tatu ningepanga hivi. Nakiwogo hadi Bugala, siku 4. Toka kwa feri ya Luku hadi Bukakata, ulale Masaka, ufike Lambu. Kisha Kyotera na Kasensero, siku 2 au 3. Vuka Mutukula kwa basi hadi Bukoba, upande MV Victoria ya usiku kwenda Mwanza. Meli hiyo ilirudi kazini 2020 baada ya matengenezo makubwa, na daraja la tatu lina wasimuliaji wazuri kuliko vyumba vya daraja la kwanza. Ukerewe mpe siku 4 nzima. Kisha Musoma, mpaka wa Sirari, Homa Bay na Mbita, ambako feri inakuvusha hadi Luanda K'Otieno, na Rusinga, kisiwa alikozikwa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, iko ng'ambo ya daraja tu. Malizia Kisumu na Nduru, halafu Busia. Ratiba za vyombo hubadilika na matengenezo hutokea bila taarifa, kwa hiyo uliza bandarini siku moja kabla na uache siku 2 tupu katikati. Siku zikipungua, kata Mwanza mjini na kata Kisumu mjini. Usikate Kasensero wala Ukerewe.